Hija ya miguu Usambara baada ya moto: Chagua njia tulivu yenye watu

Moto wa msitu ukishazimwa, watu humshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zao. Kwa familia iliyokuwa imepanga kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mjini hadi Mtae, maswali ndiyo kwanza yanaanza. Je, njia inapitika? Watoto watalala wapi? Mtoto mwenye pumu atahimili? Na je, ni sawa kupita ukiimba katikati ya kijiji ambacho juzi kilikuwa kinazima moto kwa matawi ya miti?

Maswali haya huwapata wazazi wengi kila mwaka kiangazi kinapokolea. Matembezi ya ibada, ambayo Wakristo wengi huyaita hija, yamekuwa desturi ya familia, jumuiya ndogo ndogo na sharika nyingi Afrika Mashariki. Kila inapokaribia Juni 3, maelfu ya mahujaji huelekea Namugongo, Uganda, wengine wakitembea kwa miguu siku kadhaa, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Kenya wapo wanaopanda kwenda Subukia. Wengine huanza karibu na nyumbani: wanachagua kanisa la zamani upande wa pili wa mlima na kulifuata kwa miguu, baba, mama na watoto.

Milima ya Usambara inafaa sana kwa safari ya namna hiyo. Ni milima ya watu, yenye vijiji, mashamba na njia za miguu zilizotangulia barabara za magari. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na Watrapisti wa Kikatoliki wakaanzisha misheni ya Gare mwaka 1897. Kabla yao, njia hizohizo ziliwapeleka Washambaa Vuga, makao ya watawala wa Kilindi. Anayetembea leo kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita mle mle walimopita waliobeba mizigo, barua na wagonjwa kabla gari halijafika.

Lakini milima hii pia huungua. Mzazi anayepanga safari anapaswa kulijua hilo mapema, kabla ya kununua viatu.

Likizo tatu, hatari tatu

Kosa la kwanza hufanyika kwenye kalenda. Wazazi hupanga safari kwa kufuata likizo za shule, na kila likizo ina hali yake mlimani.

Likizo ya Juni huja mara tu baada ya masika. Ardhi bado ina unyevu na hatari ya moto ni ndogo. Tatizo ni baridi na ukungu. Lushoto mjini ni mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kupitia Magamba hupanda hadi kukaribia mita 2,000. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mtoto wa Dar es Salaam au Tanga aliyekuja na fulana mbili atateseka.

Likizo fupi ya Septemba ndiyo yenye mvuto zaidi, kwa kuwa njia ni kavu na anga ni safi. Ndiyo pia inayoangukia katikati ya msimu wa moto. Majani yamekauka, upepo unavuma, na wakulima wanaandaa mashamba kabla ya vuli. Moto wa kusafishia shamba, wa kurina asali, wa tanuri la mkaa au wa mwindaji unaweza kuruka mpaka na kuingia msituni kabla mwenyewe hajageuka.

Likizo ya Desemba huja na mvua. Wengi hudhani mvua imemaliza habari ya moto, lakini kwenye miteremko mikali kama ya Usambara mambo huwa kinyume. Mteremko ulioungua Septemba hauna tena majani ya kupunguza kasi ya matone wala mizizi midogo ya kushika udongo. Mvua ya kwanza kubwa hubeba majivu, udongo na mawe hadi njiani. Sehemu iliyokuwa salama wakati wa kiangazi inaweza kuwa na maporomoko miezi mitatu baadaye.

Kwa familia yenye watoto wadogo, basi, Juni ndiyo chaguo la kwanza, kwa sharti la masweta. Anayelazimika kwenda Septemba au Desemba aende akijua anachokwenda kukutana nacho.

Utulivu wa aina mbili

Kila anayepanga hija ya miguu hutafuta njia tulivu. Hataki kutembea na watoto pembeni ya barabara ya Mombo hadi Lushoto, yenye kona kali na malori ya mboga. Hilo ni sawa kabisa. Lakini utulivu wa mlimani ni wa aina mbili, na baada ya moto tofauti yake inaweza kuokoa maisha.

Aina ya kwanza ni utulivu wa msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo jirani na mji wa Lushoto, ina zaidi ya hekta 9,000. Ndani yake kuna miti mikubwa kama mkulo, kuna mbega weusi kwa weupe, na mtu anaweza kutembea kwa muda mrefu bila kukutana na mwingine. Hifadhi hii iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na anayetaka kuingia hupitia ofisini kwao, hulipa kiingilio na hufuatana na mwongozaji.

Aina ya pili ni utulivu wa mashamba. Hizi ni njia za miguu zinazopita kati ya viazi, kabichi, karoti na miti ya matunda, kutoka kitongoji hadi kitongoji. Magari ni machache, watu wapo. Kuna mama anayechuma mboga, kijana anayemwagilia, mzee aliyekaa nje ya nyumba yake.

Msitu ukiwa mzima, aina ya kwanza ni zawadi kwa mtoto. Msitu ukiwa umeungua, familia ichague ya pili. Njia ya mashambani ina watu wanaojua mti gani umeanguka jana, chemchemi gani imechafuka, na bodaboda inapatikana wapi. Ina maji na kivuli. Zaidi ya yote, ina ardhi iliyolimwa, ambayo moto hauipendi.

Njia inayojulikana sana na watembea kwa miguu hutoka Lushoto, hupita msitu wa Magamba hadi Lukozi, kisha Rangwi, halafu Mtae. Kwa gari, Lushoto hadi Mtae ni takriban kilomita 60. Watu wazima hutumia siku tatu kwa miguu. Familia yenye mtoto wa miaka tisa au kumi ijipe siku tano, na isipange zaidi ya kilomita 10 hadi 12 kwa siku. Kama Magamba kumeungua au kumefungwa, kipande hicho kinaweza kuvukwa kwa gari asubuhi moja, na matembezi yakaanzia mbele. Mwingine anaweza kushika upande wa Mlalo na kupita vijijini. Kwa vyovyote vile, mwongozaji awe mtu wa maeneo hayo, aliyepita njia hiyo baada ya moto. Mwongozaji aliyeipita mwaka jana tu hatoshi.

Kilichobaki baada ya moshi

Msitu wa milimani huungua kwa siri. Chini ya miti kuna tabaka nene la majani yaliyooza na mizizi. Moto ukishazimwa juu, unaweza kuendelea kutafuna chini kwa chini kwa siku nyingi. Mizizi ikishaliwa, hubaki shimo lililofunikwa na majivu meupe. Mtu mzima akikanyaga, kiatu kinazama kwenye makaa. Mtoto aliyevaa yeboyebo huungua mguu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni viatu vilivyofunika mguu, na ya pili ni kutotoka nje ya njia hata kwa haja ndogo bila mtu mzima kutangulia.

Hatari ya pili iko juu. Mti ulioungua shinani unaweza kusimama wiki kadhaa kisha ukaanguka siku ya upepo, bila kutoa mlio wa kutosha kumwonya mtu. Familia isipumzike chini ya miti iliyoungua. Mahali pa kukaa pawe mbali nayo angalau mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Upepo ukianza kuvuma, kipande hicho kisubiri siku nyingine.

Hatari ya tatu ni maji. Watoto wamezoea kusikia kwamba maji ya mlimani ni safi. Majivu yanapoingia kwenye kijito, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi majivu na vilivyomo. Bebeni maji ya kutosha tangu mnapolala, au ulizeni wenyeji chemchemi iliyo juu ya eneo lililoungua.

Ya nne ni moshi wenyewe. Mtoto hupumua hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na mapafu yake bado yanakua. Kitambaa cha kufunika mdomo huzuia majivu makubwa, lakini chembe ndogo za moshi hupenya. Mtoto mwenye pumu, mtoto mchanga na mama mjamzito wasipitishwe kwenye eneo linalofuka moshi, hata kama wengine wanaona ni kidogo. Pampu ya mwenye pumu ibebwe mfukoni mwake au mwa mzazi, isiwe ndani ya begi lililopakiwa kwenye bodaboda iliyotangulia.

Mahujaji wasiwe chanzo

Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro eneo la Whona, mahali ambapo wapanda mlima hupumzika wakiwa kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za mamlaka ya hifadhi zilisema ulianza kwa bahati mbaya, watu walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na ulichukua siku nyingi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima huohuo uliungua tena upande wa Karanga.

Kikundi cha mahujaji 30 kinachopika ugali porini kiko katika hali ileile ya wale waliokuwa Whona. Hawakuwa na nia mbaya; walikuwa na njaa na mafiga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuwasha moto kiholela katika hifadhi, lakini kwa mzazi sababu iko karibu zaidi ya sheria: chini ya mlima kuna nyumba za watu.

Suluhisho ni rahisi. Chakula cha njiani kiwe cha kubeba: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, ndizi, karanga. Chakula cha moto kiliwe kijijini, kwa mama lishe au kwa wenyeji wanaowapokea. Mishumaa ya sala iwashwe kanisani tu. Hela ya chakula ikibaki kijijini inasaidia kaya ambayo huenda imepoteza kuni, nyasi za ng'ombe au sehemu ya shamba.

Salamu kwanza, maswali baadaye

Taarifa bora ya njia haipatikani kwenye ramani ya simu. Ramani haijui kwamba daraja la miti limeungua. Aliye na habari ni mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, katekista, imamu wa msikiti ulio njia panda, au mzee anayechunga.

Watoto wafundishwe kusalimia kwa Kishambaa. "Onga maundo" asubuhi hufungua mlango ambao "samahani, njia iko wapi?" haiufungui. Salamu ikishajibiwa, habari za nyumbani zikiulizwa, ndipo maswali ya njia yanafaa. Wakiwa wamepoteza kitu kwenye moto, wapewe pole kwanza. Mtoto akimwona baba yake anasimama, anavua kofia na kutoa pole, amejifunza jambo ambalo hata hija yenyewe ingekusudia kumfundisha.

Simu zisitolewe kupiga picha shamba lililoungua la mtu bila ruhusa. Na kwa kuwa vijiji vingi vya Lushoto vina Waislamu na Wakristo wakiishi pamoja, nyimbo zipunguzwe wakati wa adhana na wakati wa msiba. Hija inayopita kwa adabu hukaribishwa mwaka unaofuata.

Nani atasema turudi?

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mahujaji wana nadhiri. Wameaga kanisani, wamevaa fulana zilizochapishwa, ndugu wamechanga nauli. Kurudi kunaonekana kama kukosa imani. Matokeo yake, watu wazima husukumana mbele huku kila mmoja moyoni akitamani mwingine aseme.

Dawa yake ni kuamua kabla ya kuondoka. Familia au kikundi kikubaliane alama tatu za kusimama: moshi mpya unaoonekana mbele au chini yenu, upepo uliobadilika na kuwa mkali, na mtoto yeyote anayekohoa mfululizo au kupumua kwa shida. Moja tu ikitokea, safari inasimama. Uamuzi awe nao mtu mmoja, na ni vizuri awe mwongozaji au mama wa mtoto mdogo kuliko wote. Kiongozi wa sala ana kazi yake nyingine.

Watoto waelezwe haya nyumbani. Mtoto anayejua tangu mwanzo kwamba "tukiona moshi tunarudi, na hiyo ni sehemu ya safari" halii njiani wala hajilaumu.

Hata njia maarufu kuliko zote haina kinga. Agosti 2025, moto mkubwa kaskazini magharibi mwa Hispania ulifanya mamlaka zifunge takriban kilomita 50 za njia ya mahujaji ya Santiago, kati ya Astorga na Ponferrada. Mahujaji walitakiwa kusimama au kukiruka kipande hicho, licha ya kwamba wengi walikuwa wamesafiri kutoka mbali kwa ajili yake. Kama huko mtu anaweza kupanda basi na kuendelea na hija yake mbele, mtoto wa Soni naye anaweza kupanda basi kuvuka Magamba bila kupungukiwa na kitu.

Na ikitokea familia imekutana na moto uso kwa uso, kanuni ni chache. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa hiyo msikimbilie juu. Shukeni au ambaeni pembeni kuelekea shamba lililolimwa au bustani inayomwagiliwa. Epukeni makorongo membamba, maana moto na moshi hupita humo kama kwenye bomba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na polisi kwa 112. Mtandao wa simu hukatika sehemu nyingi za milima, hivyo kila kituo mjulishe mtu wa nyumbani mmefika wapi na mnatarajia kufika wapi baadaye.

Mpango wa wiki moja

Siku saba kabla: pigeni simu au mtume mtu ofisi ya TFS na kwenye vijiji vitatu vya njiani. Ulizeni nini kiliungua, lini, na nani amepita tangu siku hiyo. Wapigieni mnakotarajia kulala. Watawa wa Rangwi wamezoea kupokea wapita njia, lakini nao wajulishwe mapema mko wangapi na watoto ni wangapi.

Siku tatu kabla: vaeni viatu vya safari na mtembee kilomita tano na mabegi mgongoni. Mtoto akipata malengelenge nyumbani, mnabadilisha viatu. Akiyapata Lukozi, mnambeba.

Siku moja kabla: fungasheni sweta na koti la mvua kwa kila mtu, maji, dawa, kadi ya bima ya afya, tochi, na karatasi yenye namba za simu. Kila mtoto awe na filimbi shingoni, na ajue kuwa milio mitatu maana yake ni "nimepotea".

Asubuhi ya safari: ondokeni kukipambazuka. Upepo na joto huongezeka mchana, na moto nao huamka mchana. Kipande chenye msitu au mikaratusi mikavu kiwe kimeisha kabla ya saa sita.

Mkifuata hivyo, siku ya tano mtafika Mtae, kijiji kilicho kwenye ncha ya mlima, na chini yake nyanda za Mkomazi zimetandazwa hadi Upareni. Siku anga likiwa safi, Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Waacheni watoto waketi, wale karanga zilizobaki, waangalie walikotoka. Kisha mpigieni simu mtu wa nyumbani mwambie mmefika wote.